Sindano, uzi na makuti: Mkazi wa Kisian atafute wapi mwalimu?

UKITOKA mjini Kisumu kwa barabara kuu ya Busia na kuupita uwanja wa ndege, hukawii kufika Kisian, mahali ambapo njia ya kwenda Bondo huchepuka upande wa ziwani. Wageni wengi hupajua mahali hapa kwa sababu ya kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI). Kwa wenyeji, Kisian ni makutano ya matatu na bodaboda, na ni mahali ambapo mtu hupeleka suruali ipunguzwe kiuno au sare ya mtoto ishonwe upya kabla ya shule kufunguliwa.

Je, kijana aliyemaliza masomo, au mama ambaye watoto wake wamekua na sasa ana saa mbili tatu mchana, akitaka kujifunza kushona, kudarizi, kufuma au kusuka, aanzie wapi? Swali hili laonekana jepesi, lakini si jepesi. Fundi yeyote atakuambia kwamba aweza kukufundisha. Suala ni utakachokuwa nacho mkononi baada ya mwaka mmoja na karo kulipwa: ujuzi pekee, cheti pekee, vyote viwili, au hasara.

Kwanza yafaa kutenganisha kazi zenyewe, kwa maana wengi huzichanganya. Kushona ni kuunganisha vitambaa, iwe kwa mkono au kwa cherehani. Kudarizi ni kupamba nguo kwa nyuzi, kama zifanyavyo kofia za Lamu na Unguja ambazo moja yaweza kumchukua fundi miezi kadhaa. Kufuma ni kutengeneza kitambaa chenyewe kutokana na uzi, kwa kulabu, kwa sindano mbili au kwa kitanda cha mfumi. Kusuka nako ni kazi ya mikeka, makapu na kamba. Anayefahamu moja mara nyingi hafahamu nyingine. Mwanamke aliyejaza sebule nzima vitambaa vya viti alivyofuma kwa kulabu huenda hajawahi kukata gauni, na fundi hodari wa suti huenda asijue hata kushika kulabu. Kwa hiyo anayetafuta mwalimu ajiulize kwanza ni kazi ipi hasa aitakayo.

Zamani swali hili halikuulizwa sana kwa sababu jibu lilikuwa shuleni. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka 1985, wanafunzi wa shule za msingi walifundishwa sanaa, ufundi na sayansi ya nyumbani, na masomo hayo yalitahiniwa katika KCPE. Waliosoma enzi hizo watakumbuka vipande vya kitambaa walivyotakiwa kupeleka darasani, na mishono waliyotakiwa kuionyesha mmoja baada ya mwingine. Wazazi walilalamika kwamba gharama ya vifaa ilikuwa kubwa mno, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 masomo hayo yakaondolewa katika mtihani huo. Somo lisilotahiniwa katika nchi hii hupuuzwa. Kizazi kizima kikamaliza darasa la nane bila kujua kutia kifungo. Mtaala wa umilisi, CBC, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, umerudisha kazi za mikono darasani, lakini waliokosa katikati sasa ni watu wazima wenye watoto.

Kabla ya hapo palikuwa na njia nyingine ya kina mama. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilianzishwa mwaka 1952, wakati wa ukoloni, na vilabu vyake vijijini vilifunza kushona, kufuma, mapishi na malezi. Wanahistoria wamekilaumu kwa kutumiwa na serikali ya wakoloni katika siku za Mau Mau, na lawama hiyo haikosi msingi. Hata hivyo, ni katika vilabu hivyo ambapo maelfu ya wanawake walishika sindano ya kufumia kwa mara ya kwanza. Mwafrika wa kwanza kukiongoza, mwaka 1958, alikuwa mwana wa ziwa hili hili: Phoebe Asiyo, aliyekuja kuwa mbunge wa Karachuonyo na ambaye alifariki mwaka 2025. Mazoea ya wanawake kukutana alasiri moja kwa juma, kila mmoja na kazi yake mapajani, yalibaki katika makundi ya makanisa na vyama vya akiba hata pale vilabu vyenyewe vilipofifia.

Upande wa viwanda, Kisumu ilikuwa na kiwanda chake cha nguo za pamba, KICOMI, kilichoajiri wenyeji wengi kabla ya kufungwa katika miaka ya 1990. Ndiyo miaka ambayo soko lilifunguliwa na mitumba ikafurika. Kilipofungwa, ujuzi ulitawanyika: aliyejua rangi akaenda huku, aliyejua mashine akaenda kule, na wengi wakaishia kuuza bidhaa nyingine kabisa.

Kibanda cha fundi

Njia inayotumiwa na wengi hadi leo ni uanagenzi wa kibandani. Mzazi huenda kwa fundi, wakapatana bei, na mtoto akaanza kuja kila asubuhi. Uzuri wa njia hii ni mwingi. Mwanagenzi hufunzwa kwa kazi halisi ya mteja halisi, hujua bei ya uzi na zipu, hujifunza kumtuliza mteja ambaye gauni lake halijakamilika na harusi ni kesho. Hakuna darasa linaloweza kufundisha hilo. Isitoshe, kibanda ki karibu na nyumbani na nauli haihitajiki.

Ubaya wake nao haufichiki. Mapatano hayaandikwi. Kuna wanagenzi wanaofagia, kuchota maji, kupiga pasi na kushona pindo zilizonyooka kwa miezi, huku ukataji wa kitambaa, ambao ndio kiini cha ufundi, ukifanywa na fundi mwenyewe nyuma ya pazia. Wengine hufanya hivyo kwa husuda, wasitake kumlea mshindani atakayefungua kibanda mkabala. Wengine ni kwa hofu tu: kitambaa cha mteja kikikatwa vibaya, fundi ndiye atakayelipa. Hofu hiyo ina haki yake, na dawa yake ni rahisi. Mwanagenzi aje na vitambaa vyake vya bei nafuu, hata shuka kuukuu kutoka marundo ya mitumba, avikate hivyo kwanza. Gazeti kuukuu nalo lafaa sana kwa kuchora na kukata ruwaza.

Mzazi anayempeleka mtoto kwa fundi heri aandike karatasi moja, hata kama ni ya daftari, yenye saini mbili: muda wa mafunzo, jumla ya ada na jinsi itakavyolipwa, na hasa mavazi ambayo mwanagenzi atakuwa anaweza kukata na kushona peke yake ifikapo mwisho. Sketi, shati, suruali, gauni lenye bitana. Maneno kama "atajua kushona" hayana maana, kwa kuwa hata aliyeketi kwenye cherehani siku tatu anajua kushona.

Vyuo na vyeti

Njia ya pili ni vyuo vya ufundi. Wazo la vyuo vya ufundi vya vijijini liliasisiwa na Baraza la Kitaifa la Makanisa katika miaka ya 1960, ilipodhihirika kwamba wanaomaliza shule ya msingi walikuwa wengi kuliko nafasi za sekondari. Vyuo hivyo vimebadilishwa majina mara kadhaa. Siku hizi huitwa vituo vya mafunzo ya kiufundi, na karibu kila kimoja kina idara ya ushonaji.

Hapa kuna jambo ambalo wananchi wengi hawalijui. Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, inazitwika serikali za kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini na, kwa maneno yaliyo wazi, vituo vya ufundi wa nyumbani. Yaani mahali pa kujifunzia kushona, kufuma na kazi nyingine za nyumbani pametajwa katika sheria kuu ya nchi, sambamba na elimu ya chekechea. Mkazi wa Kisian anayeuliza diwani wake kuhusu cherehani zilizoharibika katika chuo cha karibu haombi fadhila. Anauliza kuhusu kazi ambayo kaunti imepewa. Vikao vya umma vya bajeti ya kaunti hufanyika kila mwaka, na aghalabu wanaojitokeza kuzungumza huwa ni wa barabara na maji. Wa sindano hukaa kimya.

Kwa anayetaka ngazi ya juu zaidi, mjini Kisumu kuna chuo anuwai cha kitaifa, Kisumu National Polytechnic, na kuna kituo cha mafunzo ya viwandani cha Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani (NITA). Mamlaka hiyo pia ina kituo cha Nairobi kinachoshughulikia nguo na nyuzi hasa. Kuanzia Kisian mpaka mjini ni safari fupi ya matatu, ingawa nauli ya kila siku kwa mwaka mzima si kitu cha kudharau. Anayepiga hesabu ya karo bila nauli na chakula cha mchana ataacha masomo muhula wa pili.

Kabla ya kulipa popote, ulizia kama chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Elimu na Mafunzo ya Kiufundi ya mwaka 2013. Sheria hiyo inataka kila taasisi ya mafunzo ya aina hii iwe na idhini. Chuo chenye idhini hakitaona haya kukuonyesha cheti chake ukutani. Kile kinachokuambia cheti "kinashughulikiwa" hakijakidhi sheria, hata kama rangi yake ni mpya na cherehani zake zinang'aa.

Je, aliyejifunza kibandani miaka mitano, na ambaye hakuingia chuo chochote? Huyu hajafungiwa mlango. NITA huendesha mitihani ya ufundi, ile ambayo watu huiita "mtihani wa gredi", yenye ngazi tatu: ya tatu ndiyo ya chini na ya kwanza ndiyo ya juu. Ushonaji wa nguo umo katika kazi zinazotahiniwa. Mtahiniwa hufanya kazi kwa mikono yake mbele ya msimamizi, na pia huulizwa maswali ya nadharia. Kwa maoni ya mwandishi wa makala haya, huu ndio mpango wenye manufaa zaidi kwa fundi wa barazani na ndio unaojulikana kidogo zaidi. Mtu aliyekata suruali elfu moja hana sababu ya kurudi darasani kufunzwa kushika makasi. Anachohitaji ni karatasi inayothibitisha kwamba anajua.

Karatasi hiyo ina kazi gani? Kushona gauni la jirani hakuhitaji cheti. Kuajiriwa kiwandani au kufunza katika chuo kwaweza kukihitaji.

Nyuzi za ziwani

Yote hayo ni ya kitambaa. Lakini ufuo wa Ziwa Victoria una shule yake nyingine, ya kale kuliko cherehani, na haina jengo wala mlango.

Chukua mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo. Humea katika vinamasi vya ufuo wa Ghuba ya Winam, na eneo la Dunga, upande wa pili wa mji wa Kisumu, linajulikana kwa kinamasi chake na kwa mafundi wanaoyasuka kuwa mikeka, makapu na vifaa vya nyumbani. Shina hukatwa, hupasuliwa, huanikwa na kisha husukwa. Anayetaka kujifunza hana fomu ya kujaza. Huenda, huketi, hutazama, kisha huomba apewe kipande ajaribu. Mafundi wa aina hii huanza kumchukulia mtu kwa uzito anaporudi mara ya tatu.

Kisha kuna gugu-maji, adui wa wavuvi. Mmea huu uliokuja kutoka Amerika Kusini ulianza kuonekana ziwani yapata mwaka 1990, na kufikia mwishoni mwa mwongo huo ulikuwa umeziba fuo na bandari hata boti zikashindwa kutoka. Fukusi walioletwa kuula walisaidia kuupunguza, lakini haukuisha, na kila baada ya miaka kadhaa hurudi kwa wingi. Miaka ya 1990 wabunifu wa Kisumu, miongoni mwao Kisumu Innovation Centre Kenya kilichojulikana kwa kifupi KICK, walianza kutengeneza viti, vikapu na karatasi kutokana na gugu hilo. Bua hukatwa mizizi na majani, huoshwa, huanikwa juani mpaka likauke kabisa, husukwa kama nywele, kisha msuko huo huzungushwa kwenye fremu. Siri yote iko katika kukausha. Bua likibaki na unyevu ndani, kiti kitaota ukungu sebuleni mwa mnunuzi kabla ya mwezi kwisha, na mnunuzi huyo hatarudi. Mwalimu wa gugu-maji anayekuharakisha katika hatua hiyo si mwalimu.

Tusiwasahau mafundi wa nyavu. Watu hawawaweki katika kundi la wafumaji, ingawa sioni sababu. Nyavu za kitani ziliingia katika ghuba hii mwaka 1905, na tangu hapo kila ufuo una watu wanaojua kuziba pengo lililotobolewa na kiboko au gogo. Hutumia sindano bapa iliyozungushiwa uzi na kijiti cha kupimia matundu, na mikono yao huenda kasi kuliko macho. Kipimo hicho si pambo: sheria ya uvuvi huweka ukubwa wa chini wa tundu, inchi 5 kwa nyavu za mbuta na ngege, kwa hiyo fundi asiyejua kupima anaweza kumtia mvuvi mashakani. Kijana wa fuo zilizo karibu na Kisian anaweza kujifunza kazi hii kivulini, penye mashua zilizovutwa nchi kavu, bila kulipa karo. Alipacho ni muda.

Chama cha mafundi

Katika miji ya Ulaya ya zamani mafundi walijiunga katika vyama vilivyolinda kazi yao. Kijana aliingia kama mwanagenzi, akapanda kuwa fundi wa mshahara, na mwishowe akatoa kazi moja bora mbele ya wazee wa chama ili atambuliwe kuwa fundi mkuu. Vyama hivyo vilikufa, lakini jina lilibaki kwa jumuiya za watu wanaopenda kazi za mikono. Uingereza, kwa mfano, ina chama cha wadarizi kiitwacho Embroiderers' Guild kilichoanzishwa mwaka 1906. Mtu hulipa ada, huenda kwenye mikutano, hufunzwa na waliomtangulia.

Hapa kwetu kazi hiyo hufanywa na kundi la kina mama. Tofauti ni kwamba la kwetu huanza na akiba, ndipo ufundi ufuate. Wanachama hukutana kwa mchango wa kila juma, na wakiwa hapo mmoja hutoa kulabu, mwingine akauliza, na baada ya miezi sita wote wanafuma. Anayetafuta pa kujifunzia kufuma vitambaa Kisian asianze kwa kutafuta bango la shule. Aulize kanisani, hasa katika jumuiya za akina mama, kisha aulize ofisi ya naibu wa chifu na afisa wa maendeleo ya jamii wa kaunti ndogo, kwa kuwa ndiko makundi yaliyosajiliwa yanakojulikana. Aulize pia wanaouza nyuzi sokoni. Muuza nyuzi huko Kibuye anajua wanaonunua kwa wingi, na mnunuzi wa nyuzi nyingi ndiye mwalimu umtafutaye.

Kundi lisilosajiliwa lina mipaka. Chini ya Sheria ya Usajili wa Makundi ya Kijamii ya mwaka 2022, kundi laweza kusajiliwa, likawa na katiba yake, viongozi na akaunti ya benki. Ndipo laweza kuomba mkopo wa Hazina ya Wanawake, iliyoanza mwaka 2007, au wa Hazina ya Uwezo. Fauka ya hayo, tangu mwaka 2013 asilimia 30 ya zabuni za serikali imetengewa vijana, wanawake na watu wenye ulemavu. Sare, mapazia na shuka za hospitali ni miongoni mwa vitu ambavyo kundi la washonaji laweza kuvitengeneza. Tahadhari: malipo ya zabuni hizo huchelewa, wakati mwingine kwa miezi mingi, na kundi lililokopa vitambaa laweza kufilisika likiwa na kandarasi mkononi. Anayeanza na aanze na zabuni ndogo.

Kwa watu wenye ulemavu kuna mifano ya kutazama. Karakana za Bombolulu, Mombasa, zilizoanzishwa mwaka 1969, zimewafunza watu wenye ulemavu wa viungo kazi za mikono, ushonaji ukiwemo. Kule Iringa, Tanzania, karakana ya Neema Crafts iliyoanza mwaka 2003 imewapa ajira viziwi na wengine wenye ulemavu, na kufuma kwa vitanda vya mkono ni mojawapo ya kazi zao. Kufuma hakuhitaji kusikia, na zipo cherehani za umeme zisizohitaji mguu wa kukanyaga.

Vijana wengi watasema haya yote yamepitwa na wakati, kwani simu ina video za kila aina. Ni kweli video husaidia, na aliyekwisha kujua misingi hufaidi sana. Lakini simu haiwezi kukuona umeshika uzi kwa kulegea, wala kukuambia kwamba cherehani yako inaruka mishono kwa sababu sindano imewekwa kinyume. Aliye kando yako huliona kosa hilo mara moja.

Kwa anayeanza juma hili, vifaa si vingi. Kufuma kwahitaji kulabu moja na bonge moja la uzi wa rangi nyepesi, maana uzi mweusi huficha makosa. Kushona kwa mkono kwahitaji sindano, uzi, makasi yasiyotumika kukatia karatasi, na tepu ya kupimia. Cherehani isinunuliwe mwanzoni. Mwanafunzi akae na ya mwalimu miezi mitatu, ajue kama ataendelea, na akija kununua aandamane na fundi, hasa akinunua iliyotumika. Soko la Kibuye hufurika zaidi Jumapili, na wauzaji wa vitambaa vya mabaki huwa wamepanga marundo yao mapema asubuhi.